Sudden, drastic, dramatic au radical: neno lipi la Kiingereza kwa badiliko lipi

Ukifungua kamusi ya visawe vya Kiingereza ukitafuta neno la badiliko la ghafla au la kupindukia, utakuta “sudden”, “abrupt”, “sharp”, “drastic”, “dramatic”, “radical” na “extreme” yamepangwa foleni moja, kana kwamba lolote linafaa popote. Sivyo. Kila moja husema jambo lake kuhusu badiliko, na msomaji aliyezoea Kiingereza hulisikia jambo hilo hata kama mwandishi hakulikusudia. Ripoti inayotangaza “a drastic improvement” humfanya asite. Barua inayosema mradi “changed extremely” humfanya arudie sentensi. Maana inafika, lakini inafika ikichechemea, na kwa anayeandika kuomba kazi, kufanya mtihani au kutafsiri kwa malipo, kuchechemea huko kuna gharama.

Kabla ya kuchagua, jiulize mambo matatu. Badiliko lilichukua muda gani? Lilikuwa kubwa kiasi gani? Je, watu walilitazamia? “Ghafla” ya Kiswahili hubeba la kwanza na la tatu kwa pamoja, haraka na bila taarifa, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza, maana Kiingereza kina maneno ya kila upande peke yake.

Matukio matatu yanaonyesha tofauti hiyo vizuri.

Tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja alfajiri, Uswidi iliacha kuendesha magari upande wa kushoto ikaanza kuendesha upande wa kulia, nchi nzima kwa mpigo mmoja. Lakini bunge lilikuwa limeamua hivyo tangu mwaka 1963, na wananchi waliandaliwa kwa muda mrefu. Ukiandika “a sudden change” utakuwa umewadokezea wasomaji kwamba watu walishtukizwa, na hawakushtukizwa. “An overnight change” ndilo linalokaa: jana hivi, leo vile, bila kusema lolote kuhusu mshtuko.

Ukuta wa Berlin ni habari nyingine. Jioni ya tarehe 9 Novemba 1989, Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, aliulizwa na waandishi wa habari kanuni mpya za kusafiri zingeanza lini. Akajibu kwamba kwa ufahamu wake zinaanza mara moja. Walinzi wa mpaka hawakuwa wameambiwa kitu. Usiku uleule vizuizi vikafunguliwa. Hapo “sudden” inastahili kabisa, na “dramatic” pia, kwa sababu lilikuwa badiliko la kushtukiza na dunia nzima ililiona kwa macho.

Halafu kuna Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Katikati ya karne iliyopita lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yalipoelekezwa kwenye mashamba ya pamba, ziwa likaanza kunywea kuanzia miaka ya 1960, mwaka baada ya mwaka, mpaka sehemu kubwa ikabaki jangwa la chumvi. “The lake shrank dramatically” ni sahihi. “A drastic reduction in its size” ni sahihi. “The lake suddenly shrank” ni kosa la ukweli, siyo la sarufi tu, maana jambo lililochukua miongo kadhaa haliwezi kuwa “sudden”, hata liwe kubwa kiasi gani.

Drastic, dramatic na radical

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu maneno haya matatu yanakaribiana sana kwa ukubwa yakaachana kwa hisia.

Kiini cha “drastic” ni ukali. Neno lina asili ya Kigiriki, na lilipoingia katika Kiingereza lilitumika kwa dawa zenye nguvu, hasa zile za kuendesha tumbo. Ukali ule haujalitoka mpaka leo. Tazama maneno linayoandamana nayo: “drastic measures”, “drastic action”, “drastic steps”, “drastic cuts”. Yote ni hatua zinazouma, zinazochukuliwa kwa sababu hali imekuwa mbaya. Mtu akikwambia “Don't do anything drastic”, anakuomba usichukue uamuzi wa hasira utakaoujutia kesho. Kwa hiyo “a drastic improvement” ni kuunganisha sifa na lawama. Wapo wazawa wa lugha hiyo wanaosema hivyo katika mazungumzo, lakini kwenye maandishi ushauri wangu ni kuliacha. Jambo zuri lipe “dramatic”, au “remarkable”.

“Dramatic” ni neno la jukwaani, na kiini chake ni kuonekana. Badiliko likiwa “dramatic”, aliyelitazama hakuhitaji kuelezwa. Faida yake ni kwamba halichagui upande: kuna “a dramatic recovery” na “a dramatic collapse”, na zote mbili ni Kiingereza safi. Hasara yake ni kuchoka. Katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ule wa wanaoelekea masomo ya juu, kazi ya kwanza ya kuandika humtaka mtahiniwa aeleze grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, na watahiniwa wengi hukimbilia “dramatically” kwa kila mstari unaopanda. Neno linalotumika kwa ongezeko la asilimia 4 na pia kwa ongezeko la asilimia 90 halimwambii msomaji chochote. Litunze kwa badiliko moja tu katika grafu nzima, lile ambalo macho hulikimbilia kwanza. Angalia pia kwamba likisemwa juu ya mtu hubadilika ladha: “She's being dramatic” maana yake anakuza mambo.

“Radical” limetoka katika neno la Kilatini la mzizi, na bado linasema habari za mizizi. Badiliko la “radical” linagusa msingi wa kitu, siyo kiasi chake. Linganisha sentensi hizi mbili: “The company made drastic changes to its budget” na “The company made radical changes to its budget.” Ya kwanza inanifanya nifikirie matumizi yaliyokatwa na watu waliopoteza kazi. Ya pili inaniambia kwamba namna yenyewe ya kupanga bajeti imefumuliwa na kusukwa upya, na huenda hata senti moja haikupunguzwa. Tena “radical” haina haja na haraka: “a slow but radical change” haina mgongano wowote ndani yake. Ila ukimwita mtu “a radical” umetoka kwenye mabadiliko ukaingia kwenye siasa, na baadhi ya wasomaji watasikia mtu wa msimamo mkali. Mahali ambapo hutaki harufu hiyo, “fundamental” hufanya kazi ileile kwa utulivu.

“Sweeping” hupima upana. “Sweeping reforms” ni mageuzi yanayogusa idara nyingi au watu wengi kwa pamoja, hata kama kila mmoja ameguswa kidogo tu. Lakini “a sweeping statement” ni kauli ya kujumuisha watu wote bila ushahidi, nayo ni lawama.

“Extreme” ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Watu hulichukua kama “kubwa sana”, kisha wanaandika “an extreme change”. Neno hili haliko kwenye safari ya badiliko. Liko kwenye ncha, pale kitu kilipofikia: “extreme heat”, “extreme poverty”, “extreme views”. Ukitaka kusema mtu au jambo limeruka kutoka ncha moja hadi nyingine, Kiingereza kina msemo wake, “from one extreme to the other”. Aliyekuwa hali kitu mchana kutwa akaanza kula kila saa, “he went from one extreme to the other”.

Ili tofauti ionekane, chukua nafasi moja tu katika sentensi, “a … change in his behaviour”, uyapitishe maneno hapo moja baada ya jingine. “A sudden change”: jana alikuwa mpole, leo mkali, na hakuna aliyejua kinakuja. “A dramatic change”: kila aliyemwona alitambua. “A drastic change”: msomaji ataanza kuwa na wasiwasi juu yake. “A radical change”: amekuwa mtu mwingine, na pengine ilimchukua miaka. “A marked change”: tofauti inaonekana wazi, bila kelele. Hili la mwisho limesahauliwa na wengi, na nasikitika, kwa sababu katika ripoti ya daktari, mwalimu au mkaguzi ndilo mara nyingi linalofaa kuliko yote yaliyotangulia.

Sudden na jamaa zake

“Sudden” hukazia mshtuko. “Abrupt” hukazia mkato: kuna kitu kilikuwa kikiendelea, kikakatika bila kumaliziwa vizuri. Ndiyo maana kifo ni “sudden” na hakiwi “abrupt”, ilhali mkutano uliovunjika katikati ya hotuba “came to an abrupt end”. Gari lililosimama na abiria wakarushwa mbele “came to an abrupt stop”. Neno hilo lina ukavu ndani yake, na mtu mwenye “an abrupt manner” ni yule anayekujibu kwa mkato kama vile umemkosea.

“All of a sudden” ni la masimulizi na mazungumzo, karibu sana na “ghafla bin vuu”. Katika ripoti ya kikazi tumia “suddenly”, au usitumie kabisa. “Out of the blue” inafaa kwa habari, simu, barua au wazo lililomjia mtu asilolitazamia: “She called me out of the blue.” “Out of nowhere” inafaa zaidi kwa kitu kinachojitokeza mbele ya macho: “A motorbike came out of nowhere.” Ukizibadilishana utaeleweka, lakini pikipiki iliyotokea “out of the blue” inasikika kama imekuja kukusalimia.

Mtego mkubwa zaidi uko kati ya “suddenly” na “immediately”. Sisi tuna “mara” inayoweza kusimama upande wowote: “mara akatokea”, “njoo mara moja”. Kiingereza hakiruhusu. “Immediately” ni mwitikio: jambo fulani lilitangulia, hili likafuata bila kuchelewa. “Suddenly” haikufuata chochote, ilizuka tu. “I asked her and she immediately replied” ni sawa. “I asked her and she suddenly replied” inaleta picha ya mtu aliyenyamaza muda mrefu, kisha akajibu wakati ulikwishakata tamaa. Vilevile usimwandikie mkuu wako “I will suddenly send the report.”

Tarakimu zinapopanda na kushuka

Kwa bei, idadi na viwango, “sharp” ndilo neno la kazi. “A sharp rise”, “a sharp fall”: kubwa, katika muda mfupi, bila hisia za ziada. “Steep” linakaribia hapo, ila huzingatia mwinuko wa mstari, na bei yenyewe ikiitwa “steep” maana yake ni ghali.

Vitenzi vina picha zake. “Soar” ni kupaa, na mara nyingi kupaa kwa muda. “Surge” ni wimbi, linafurika kwa nguvu na huenda likarudi, kwa hiyo linafaa kwa mahitaji ya umeme au idadi ya wagonjwa. “Skyrocket” ni la magazeti na mazungumzo. “Plunge” na “plummet” zote ni kuporomoka kwa kasi. “Slump” ni kushuka kisha kubaki chini, na watu wengi hawaioni sehemu hiyo ya pili. Soko la hisa la New York linaonyesha tofauti: tarehe 28 Oktoba 1929 kipimo cha Dow Jones kilishuka kwa karibu asilimia 13, na kesho yake kwa karibu asilimia 12. Siku hizo mbili ni “plunge”. Miaka ya uchumi uliolala iliyofuata ndiyo “slump”.

Na ninaomba “exponentially” iachiwe hisabati. Haina maana ya “haraka sana”. Ina maana ya kitu kinachoongezeka kwa uwiano uleule kila kipindi, mfano kuongezeka maradufu kila wiki, na ukuaji wa namna hiyo unaweza kuanza polepole mno. Kama hujui uwiano wenyewe, “rapidly” inatosha. Na kama unayo tarakimu, iandike: “rose from 200 to 1,400 in three weeks” haihitaji kivumishi chochote pembeni yake.

Mtu anapogeuza msimamo

Hapa swali kubwa si kasi wala ukubwa. Swali ni kama unamlaumu aliyegeuka.

“U-turn” ni neno la siasa za Uingereza, na huwa na sindano ndani yake: serikali ilisema hivi, sasa imerudi ilikotoka. Tarehe 10 Oktoba 1980, mbele ya mkutano wa chama chake mjini Brighton, Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alilichezea neno hilo aliposema “You turn if you want to. The lady's not for turning.” Waliomsikiliza walijua kwamba anakataa shutuma, siyo kwamba anazungumzia barabara. “About-turn” ya Waingereza na “about-face” ya Wamarekani zimetoka kwenye gwaride, na aliyewahi kusikia amri ya “nyuma geuka!” anazo tayari kichwani: kugeuka kamili, kwa hatua moja. “Volte-face” ni hilohilo likiwa limevaa suti, linafaa kwenye tahariri kuliko kwenye barua pepe.

“Flip-flop” ni kali zaidi, maana humshutumu mtu kwa kugeuka tena na tena kama kinyonga. Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2004, kambi ya Rais George W. Bush ilimwandama mpinzani wake, John Kerry, kwa neno hilo hilo. Usilitumie kwa mtu aliyebadili msimamo mara moja kwa sababu alizozieleza.

Kwa mtu huyo kuna “a change of heart”, ambalo ni laini na lenye heshima: alifikiri upya, moyo ukalainika. Kati ya hayo yote kuna “backtrack”, yaani kurudi nyuma kidogokidogo kutoka kwenye ahadi, na “change one's tune”, yaani kubadili lugha baada ya mambo kubadilika, mara nyingi kwa maslahi. Mfikirie mwenye nyumba aliyekataa kukupunguzia kodi, kisha akakubali. Ukimwandikia barua ya shukrani, ni “change of heart”. Ukimwambia rafiki kwamba alikubali baada ya kusikia unahama, ni “he changed his tune”.

Kwa mazungumzo kuna “do a 180”, yaani kugeuka nyuzi 180 na kuelekea kinyume. Wapo wanaosema “a 360” wakidhani namba kubwa ni badiliko kubwa. Nyuzi 360 zinakurudisha ulipokuwa ukitazama.

Maneno makubwa makubwa

Kuna kundi la misemo linalopendwa sana kwenye hotuba na mapendekezo ya miradi, nami nashauri kulitumia kwa mkono mzito.

“Sea change” imetoka kwa Shakespeare, katika tamthilia ya The Tempest, kwenye wimbo unaoeleza mifupa ya mtu aliyezama ikigeuka matumbawe na macho yake yakawa lulu. Kwa hiyo ni badiliko la kina, la kugeuka kitu kingine, na asili yake haina haraka. “A sea change in public attitudes to smoking” ni matumizi mazuri. “Paradigm shift” iliingia katika lugha ya wengi kupitia kitabu cha Thomas Kuhn cha mwaka 1962 kuhusu mapinduzi ya kisayansi. Ni pale jamii nzima ya wanasayansi inapoacha namna moja ya kuiona dunia ikashika nyingine. Kubadilisha ratiba ya vikao haistahili jina hilo. “Quantum leap” katika lugha ya kawaida ni hatua kubwa mno, lakini katika fizikia ni mruko mdogo sana wa elektroni, kutoka kiwango kimoja cha nishati hadi kingine bila kupita katikati. Ukiwaandikia wanasayansi, liepuke.

“Turning point” na “tipping point” huchanganywa kila siku. La kwanza ni mahali mwelekeo ulipobadilika, na kwa kawaida hujulikana baadaye, watu wanapotazama nyuma. La pili ni kizingiti: kabla yake mambo yanaongezeka kidogokidogo, baada yake badiliko linajisukuma lenyewe na kulirudisha ni vigumu. Wanasayansi wa tabianchi hulitumia kwa maana hiyo wanapozungumzia kuyeyuka kwa barafu ya Greenland. Kupata mwalimu mzuri wa hisabati ni “a turning point” katika maisha ya mwanafunzi. Haiwezi kuwa “a tipping point”, hata ingempeleka mbali kiasi gani.

Kiungo kidogo kinachogeuza maana

Ukishapata kivumishi, angalia kinachofuata baada ya “change”. “In” husema kitu kilekile kimebadilika, “of” husema kimoja kimeondoka kingine kikaingia. “A sudden change in plan” na “a sudden change of plan” zinakaribiana, hivyo haidhuru sana. Lakini “a dramatic change in the government” inaweza kuwa mawaziri wachache waliohamishwa wizara, ilhali “a dramatic change of government” ni serikali nzima iliyoondoka madarakani. Kwa anayetafsiri habari, herufi hizo mbili hubadilisha kichwa cha habari chote. Kwa tarakimu nako, “a rise in prices” hutaja kilichopanda na “a rise of 12 per cent” hutaja kiasi, na sentensi moja inaweza kuvibeba vyote: “a sharp rise of 12 per cent in prices”.